Ombi la Kuhamishwa kwa Mwalimu Mshauri Anayeuliza Tu

Ndugu Afisa Elimu,

Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, na mlango wa ofisi yako ukiwa umefungwa, maana ina mambo ambayo nisingependa yasikike korido nzima. Mimi ni mwalimu wa hesabu wa darasa la sita. Wanafunzi huniita Rula, wakidhani sijui. Nimefundisha kwa muda mrefu kiasi kwamba baadhi ya wazazi wanaokuja kunisikiliza nikiwalalamikia watoto wao, niliwahi kuwalalamikia wao wenyewe kwa wazazi wao.

Naandika kuomba, kwa heshima na taadhima, umhamishe mwalimu mshauri uliyetuletea mwanzoni mwa muhula chini ya mpango wa mafunzo endelevu ya walimu. Sisemi ana tabia mbaya. Dada huyu anawahi kazini, anasalimia kila mtu hadi mlinzi, na hajawahi kumsengenya yeyote, jambo ambalo katika ofisi yetu ya walimu ni upweke mtupu. Kosa lake ni kwamba anauliza. Naomba nieleze kwa mpangilio.

1. Hatoi majibu. Tulitangaziwa kwamba anakuja mtaalamu, na mimi wataalamu nawajua: huja na gari, hupekua maandalio yako ya somo, hukunja uso, hukuambia umekosea wapi, hunywa chai, huondoka. Unakasirika siku moja, unapona, unaendelea kama kawaida. Huyu aliketi dawati la nyuma kipindi kizima bila kukunja hata nyusi. Kisha tukaenda stoo ya vifaa vya michezo, ndiyo faragha pekee tuliyonayo, tukakaa juu ya magodoro ya kurukia, akaniuliza mimi mwenyewe nimelionaje somo. Ningelionaje, Ndugu Afisa, na mimi ndiye niliyekuwa nafundisha?

2. Akishauliza, ananyamaza. Hapa ndipo penye ubaya wenyewe. Anakutazama kwa upole, anasubiri, wala hana haraka. Mimi nimelelewa vizuri. Sijui kumwacha mgeni akikaa kimya mbele yangu. Basi nikaanza kuongea ili kumpunguzia aibu. Niliongea, nikaongea, mpaka nikajisikia nikiahidi, kwa mdomo wangu na bila kushikiwa fimbo, kwamba wiki inayofuata nitafundisha kugawanya kwa sehemu bila kugusa ubao. Akanishukuru kwa wazo langu zuri. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu amenipa jembe mimi.

3. Ananitia katika ubunifu. Miaka yote nimefundisha hivi: geuza sehemu ya pili, kisha zidisha. Darasa linaimba, linapata jibu, kila mtu anakwenda kwao. Dada akauliza kwa nini tunageuza. Nikaona nami nimpe dawa yake, nikanyamaza. Naye akanyamaza. Tulishindana pale magodoroni mpaka kengele ikatuamua. Ikanibidi niende kuomba maboksi matupu dukani kama mtu anayehama nyumba, tukayakata vipande virefu darasani. Sasa kuna mtoto mmoja anayekaa dirishani, ambaye walimu wengi hawajui hata sauti yake ikoje. Binti huyo aliinua mkono akauliza mbona tunagawanya halafu jibu linakuwa kubwa kuliko tulichoanza nacho. Kabla sijajikohoza, akachukua vipande sita, akakata kila kimoja katikati, akahesabu nusu kumi na mbili, akajijibu, akageuka na kuwaeleza wenzake. Walimwelewa wote. Nilisimama na chaki mkononi kama mpambe wa harusi aliyesahauliwa kwenye picha. Kazi hiyo, Ndugu Afisa, nimeajiriwa kuifanya mimi.

4. Ameharibu utulivu. Darasa langu lilisifika. Mwalimu mkuu alikuwa akiwapitisha wageni mlangoni wasikie jinsi tusivyosikika. Juzi amekuja mbio akidhani kuna moto, kumbe watoto wanabishana kuhusu robo. Nilitegemea angenisaidia kuwakemea. Akavuta kiti, akakaa hadi mwisho wa kipindi, eti anataka kujua upande upi utashinda. Na ugonjwa umehamia kwa watu wazima. Mwalimu wa sayansi na mwalimu wa lugha, ambao walikuwa hawasemezani ila kwa habari za zamu, siku hizi wanaalikana madarasani kutazamana wakifundisha. Wakati wa chai watu wanazungumzia kazi. Zamani chai ilikuwa chai.

5. Nyumba yangu imeingiliwa. Hapa nakiri nilichokoza mwenyewe, lakini asingekuwepo yeye nisingejua kuchokoza hivyo. Nilimuuliza mama watoto anauonaje mgawanyo wa kazi pale nyumbani, kisha nikatulia nikimtazama kwa upole. Sikupata nafasi ya kusema neno hadi chakula kikapoa. Sasa napiga pasi. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kwa siku chache, ameipenda mno mbinu hii na ameamua kuongeza siku.

Kwa hayo, naomba ahamishwe upesi. Ikishindikana, basi alazimishwe kubeba majibu, hata matano tu, na anikaripie mara moja kwa wiki ili nijue nimesimama wapi. Hilo nalo likishindikana, toa waraka unaopiga marufuku maswali katika shule zote. Najua utasema mtihani nao ni maswali. Nimelifikiria: tufute mitihani. Watoto waletewe majibu ndani ya bahasha iliyofungwa, wayanakili kwa mwandiko safi, na nchi itapata ufaulu ambao haijawahi kuuota.

Nisalimie wote hapo ofisini: katibu muhtasi, dereva, na yule mzee wa masijala anayepokea barua zangu kwa kuguna. Familia yako pia, wakubwa kwa wadogo.

Wako mtiifu, mwenye vumbi la chaki na maumivu ya haki,

Mwalimu wa Hesabu, Darasa la Sita

N.B. Nilikuwa natafuta bahasha wakati mwalimu mkuu alipoingia na kututangazia kwamba uhamisho wa dada umekwisha kupita. Jumatatu anaanza shule nyingine, upande wa pili wa mji. Nilipaswa kufurahi. Nimeumia, Ndugu Afisa, nimeumia kuliko nilivyotegemea, na binti wa dirishani amelia waziwazi. Tafadhali chana kurasa zilizotangulia na umzuie huyu dada asiondoke. Jumatatu naanza desimali. Nina wazo ambalo sijamwambia mtu yeyote, na huenda ni bovu kabisa. Hapa shuleni wapo wengi watakaoniambia ni bovu kabla sijamaliza sentensi. Ni yeye peke yake ambaye angekaa akanisikiliza mpaka nilione mwenyewe.