Dokta wa Vyoo na Mfuko wa Kifuani

Palikuwa na fundi bomba mmoja mjini aliyejiita Dokta. Yeye, alivyopenda kueleza, hakutengeneza vyoo, alivitibu. Wagonjwa wake wengi walikuwa wazima kabisa kabla hajawagusa. Alivaa ovaroli ya buluu iliyoshonwa kwa uzi wa manjano, nadhifu, yenye kasoro moja tu: mfuko wa kifuani haukuwepo.

Asubuhi hiyo alikuwa anasukuma mkokoteni wenye choo kipya, roho juu juu. Choo hicho alikinunua kihalali, jambo lililomuuma sana, lakini afanyeje? Mama wa mchumba wake alikuwa hajajibu barua ya posa. "Magoti yangu hayachuchumai tena," alimwambia. "Niletee choo cha kukaa, kizito, si hivi vyepesi vya siku hizi. Nikikaa nikaridhika, tutaongea habari za binti." Na Dokta alimpenda binti yule kweli kweli. Ndicho kitu pekee maishani mwake ambacho hakukibandika gundi.

Alipofika nyumba ya kona, mjane mmoja, mshonaji mstaafu, alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama akamtazama kifuani, akakawia hapo kidogo. "Fundi wa vyoo, eeh? Hebu njoo uniangalizie changu, mwanangu."

Lahaula! Dokta alipokiona, mate yalimjaa. Choo kinene cha zamani, kishikio cha shaba, tangi na bakuli vimevikwa vitambaa vya kufuma utadhani makochi ya sebuleni. Hiki ndicho cha mama mkwe, si kile chepesi cha mkokotenini! Akapiga goti, akagonga bakuli kwa kidole, akafumba macho kama anayesikiliza mapigo ya moyo.

"Pole, mama. Kina ufa."

"Ufa! Mbona siuoni?"

"Uko ndani kwa ndani. Siku ukikaa kwa uzito wako wote, kitafumuka. Bahati yako nina kipya hapo nje. Utalipa choo na ufundi, hiki kibovu nitakutupia mwenyewe."

"Pesa sina." Mama akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akatoa nyundo. "Na kama ni kibovu, ngoja nikivunje hapa hapa. Sitaki kije kimuumize mwingine."

"Mama, weka nyundo! Ufundi... ufundi nakusamehe."

Nyundo ikapanda.

"Na choo kipya nakupa bure! Chukua tu, mama yangu!"

Nyundo ikashuka.

Dokta akafanya kazi mpaka adhuhuri, tena kazi safi, maana mama alimsimamia na futi yake ya kushonea, akipima kila pembe. Alipomaliza, mama akamsaidia kukifunga kile cha zamani kwenye mkokoteni, vitambaa vyake juu, na kumwomba namba ya simu.

"Lakini usimkalishe mtu, mwanangu. Umesema mwenyewe kina ufa."

"Nakwenda kukitupa, mama. Haki ya nani."

Njiani alicheka peke yake. Watu wengine hawafai kuachiwa hata sindano, aliwaza.

Jioni choo kikawa kimefungwa kwa mama mkwe. Mama mkwe akakizunguka, akakipapasa, akasema, "Hiki sasa ndicho choo." Akaingia, akafunga mlango. Nje, Dokta na mchumba wake wakashikana mikono.

"Aaah," ikasikika sauti ya mtu aliyeridhika.

Kisha: kraa! Kisha maji. Kisha maneno ambayo mama mkwe hayasemi mbele ya mkwe.

Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe amesimama katikati ya vigae, nguo zinachuruzika, mkononi ana tambara la buluu lililoganda gundi, alilolichomoa kwenye ufa. Akalikunjua. Lilikuwa mfuko. Uzi wa manjano, pembe nne, umekamilika. Akamtazama Dokta kifuani.

Dokta akautambua. Akakumbuka: mwaka jana, choo kilichopasuka, haraka ya kuuza, tambara hana. Alichana mfuko wake, akauloweka gundi, akaukandamiza kwenye ufa, akapaka rangi nyeupe, akamuuzia mwanamke mmoja upande wa pili wa mji. Uongo aliouropoka asubuhi ulikuwa kweli tupu, na ufa ulikuwa wake!

Simu ikalia.

"Mwanangu, ulikitupa?" Sauti ya mshonaji.

"Mama... ulijua?"

"Uliyemuuzia ni mdogo wangu. Kilimbwaga, hadi leo anakaa kwa upande mmoja. Mimi nimeshona miaka arobaini. Niliuona ule uzi umechungulia kwenye ufa, nikakileta choo kwangu, nikaupaka ufa rangi tena, nikakivika vitambaa usikitambue, nikamngoja mwenye ovaroli apite. Hicho kipya ni chake. Kesho uje ukifungue hapa, ukamfungie kwake."

"Na nisipokuja?"

"Basi mpe simu huyo uliyemkalisha."

Dokta akakata simu mbio. Mchumba wake alikuwa ameshauachia mkono wake zamani.

"Mama," alianza, akipiga goti kwenye maji, "nampenda binti yako. Katika hilo sidanganyi, wallahi."

"Inawezekana," mama mkwe akasema. "Lakini nilikuahidi jibu la barua yako. Ndilo hili."

Akamwekea ule mfuko mkononi, umelowa chapachapa, akampita.

Dokta akajifuta uso, akaupeleka ule mfuko kifuani autie mfukoni, akakumbuka hana.