Mgeni Hachagui Shule

Jumatano, 7 Januari 2026

"Mgeni hachagui shule. Shule ndiyo humchagua yeye." Maneno ya Simeon Kipkoech, jirani yetu hapa Munyaka, aliyoyatupa juu ya ua wa michongoma leo asubuhi akituletea maziwa. Upuuzi! Shule ni mawe na mabati, na mawe hayachagui. Wanaochagua ni watu, hasa watu waliosoma. Mimi, Mabonga, nimesoma. Nimeuza vitabu kuukuu kule Webuye zaidi ya miaka ishirini, na hakuna nilichokiuza kabla ya kukimaliza. Ndiyo maana biashara ilikwenda polepole. Wahariri wa magazeti wananijua kwa barua zangu. Mmoja aliwahi kunisihi nipumzike.

Nilimwambia Simeon kauli yake ni ya kikoloni. Akaapa, aki yeye alikuwa anaongea tu, na kama nimemaliza nimrudishie chupa ya jana.

Hali ni hii. Tumehamia Eldoret kwa sababu Edinah, mke wangu, amepata ukarani katika ghala la mahindi. Binti yetu Tryphosa anaingia kidato cha tatu. Shule zimefunguliwa juzi. Wenzake wako darasani, yeye yuko sebuleni juu ya godoro ambalo bado lina kamba za lori, anarudia fizikia ya mwaka jana. Anataka kuwa mhandisi wa umeme. Hakulalamika. Alinitazama tu. Heri barua ya mhariri.

Nimekwenda Ile Shule. (Sitaliandika jina lake, isije ikadhani naibembeleza.) Bweni. Lango la chuma. Nyasi zilizokatwa kama nywele za askari. Karani wa ofisi, Madam Mercy, alisema nafasi iliyobaki kidato cha tatu ni moja tu, na kwanza inatafutiwa mtoto wa kanisa linalofadhili shule. Nilete barua ya kanisa Jumatatu asubuhi. Swali lilinifika mdomoni: kanisa gani? Nikalimeza. Mgeni ndiye huuliza. Mwenyeji hujua.

Edinah anasema kuna shule ya kutwa mtaa wa pili, anakosoma Jemutai, binti ya Simeon. Niliipita. Ukuta ni wa mabati, na mbuzi alikuwa amelala langoni. Nilimwuliza Edinah kama amewahi kusikia mhandisi aliyetoka nyuma ya mbuzi. Akasema yeye hajawahi kumsikia mhandisi aliyetoka juu ya godoro.

Alhamisi, 8 Januari

Nimepata kanisa! Bila kumwuliza mtu!

Nilisimama nje ya Ile Shule asubuhi nzima kwa uchunguzi. Ukuta kwa ukuta na shule kuna kanisa kubwa lenye paa jekundu. Kengele ya kanisa ikilia, wasichana hutoka darasani. Mbele kuna bango: "Tunawaombea wanafunzi wetu mwaka wa mafanikio." Wetu! Mahakama ingetaka nini zaidi?

Tatizo. Kanisa hilo hubatiza watu wazima kwa kuwazamisha majini mwili mzima. Sisi ni Marafiki, wale wanaoitwa Quaker, tangu enzi za babu yangu. Marafiki hatubatizi kwa maji. Ubatizo wetu ni wa Roho. Babu alifukuzwa katika boma la shemeji yake akiitetea hoja hiyo. Mimi mwenyewe nimeitetea katika magazeti mawili na katika msiba mmoja.

Nilifikiri kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha nikaamua. Maji hukauka. Fizikia hudumu.

Jioni Simeon aliuliza juu ya michongoma kama shule imepatikana ama bado. Nikamwambia mipango iko katika hatua ambayo siwezi kuieleza. Akaniambia pole.

Ijumaa, 9 Januari

Pasta Ephantus ni mtu mpole, mfupi, mwenye tai ndefu. Nilimwambia nimeguswa. Alifurahi, akasema watu wanabatizwa Jumapili hii, lakini hao wamehudhuria mafundisho tangu Septemba. Nijiunge na kundi lijalo. Nilimwambia sina haja ya mafundisho, nina haja ya mjadala. Tukaanza na Mwanzo. Tulipofika Waamuzi aliomba maji ya kunywa. Tulipofika Yeremia alisema, "Ndugu Mabonga, Jumapili njoo na taulo."

Nilimwambia nitahitaji barua ya kanisa mara moja, kwa mambo ya shule ya mtoto. Akasema barua si shida, mshiriki ni mshiriki. Unaona? Hakuuliza shule gani. Kwa nini aulize? Shule ni yake.

Nyumbani nilitangaza. Edinah aliacha kumenya viazi. Alisema atawaambia nini watu wa kwao Lugulu. Nikamwambia awaambie ni kwa ajili ya mtoto. Alisema mtoto hakutuma mtu majini. Tryphosa hakuwepo, tangu alasiri alikuwa kwa Simeon, ananakili noti za Jemutai za wiki hii na kumfanyia hesabu za umeme. Aliporudi akasema, "Baba, hiyo ni noma." Sikujua kama ni sifa. Nimeichukua kama sifa.

Jumapili, 11 Januari

Nimetetemeka mpaka sasa. Kalamu inaruka.

Nilidhani maji yatapashwa moto. Hii ni Eldoret, Januari, alfajiri nyasi ni nyeupe! Nyuma ya kanisa kuna kisima cha saruji kilichojazwa jana, kimelala nje usiku kucha. Wenzangu waliingia wakiimba. Mimi niliingia nikataja jina la Mungu kwa namna ambayo haimo katika nyimbo. Maji yalinishika kiunoni nikaona ukoo wangu wote.

Pasta Ephantus aliniwekea mkono mgongoni akaniambia nijilegeze. Nilikusudia kujilegeza. Mwili ulikataa. Aliponisukuma nyuma, mikono yangu ilitafuta cha kushika ikakutana na tai. Tulizama wote wawili. Kisha tukaibuka, yeye bila miwani, na kanisa zima likapiga haleluya. Kwaya ikaingia wimbo wa pili kabla ya wakati. Simu zilikuwa hewani kama kwenye harusi.

Hapo ingetosha. Lakini walinipa kipaza sauti nitoe ushuhuda.

Mimi kupewa kipaza sauti! Nilianza kwa unyenyekevu. Halafu nikaona watu wananisikiliza, na kijoto kikaanza kunirudia. Nikawageukia wale Wakristo wanaosema maji si lazima. Nikauliza kama Mto Yordani ulikuwa pambo. Nikasema mtu anayedai amebatizwa bila kulowa ni kama mtu anayedai ameshiba bila sahani. Walishangilia! Nikaendelea. Nilivunja kila hoja ya babu yangu, moja baada ya nyingine, na nikiri zilikuwa ngumu, maana nilizijenga mwenyewe. Mama mmoja alilia. Pasta alinivuta koti.

Nimepewa kadi ya ubatizo na barua. Edinah, ambaye hakuja, aliniona mlangoni nikidondosha maji. Aliuliza kama nimebatizwa ama nimeoga.

Acha acheke. Kesho Tryphosa ana shule.

Jumatatu, 12 Januari

Siwezi kuamini. Naandika ili nione kama nikiandika nitaamini.

Niliwahi mlangoni mwa ofisi kabla ya Madam Mercy mwenyewe. Nikaweka kadi na barua mezani kama mtu anayeweka turufu. Alisoma. Akageuza. Akanitazama kwa huruma ambayo sikuipenda. Akasema, "Mzee, hii ni ya majirani. Hao hutukopesha tu viti wakati wa sherehe. Mfadhili wetu ni Marafiki."

Marafiki!

Nilimwuliza Marafiki gani. Akasema hao Quaker, mzee, watu wa kutoka kwenu huko Webuye, hata jina lao liko langoni. Nilitoka nikasoma lango. Liko. Herufi kubwa. Asubuhi nzima ya Alhamisi niliegemea herufi hizo nikilichunguza kanisa la jirani.

Nikarudi mbio nikamwambia mimi ni Rafiki wa kuzaliwa! Baba Rafiki! Babu alifukuzwa bomani! Akanituliza kwa maneno mazuri, akasema basi mambo ni rahisi, nilete barua ya Marafiki, atangoja mpaka saa sita.

Nilikimbia. Nilimpata Wanyama, karani wa mkutano wa Marafiki wa hapa, akifungua duka lake la mbegu. Hatujawahi kuonana, lakini alinitaja jina. Moyo ulinichangamka, nikadhani amesoma barua zangu magazetini. Akatoa simu. Nilikuwa mimi, nimelowa, nikiuliza kama Mto Yordani ulikuwa pambo. Video imefika hadi Lugulu. Shangazi yake Edinah ameituma mara tatu kwa sababu hakuamini mara mbili za kwanza.

Wanyama hakunigombeza. Ingekuwa nafuu, kugombana ninaweza. Alisema taratibu, "Ndugu Mabonga, sisi mlango wetu hauna maji. Wewe umetokea upande wa pili umelowa." Nilimweleza yote, barua, nafasi, mtoto. Alinionea huruma kweli. Alisema hana kinyongo, ila barua hutolewa na mkutano, si na mtu, na mkutano hukaa mwisho wa mwezi, na kuna wazee watakaotaka kuniuliza kuhusu lile jambo la sahani.

Nilirudi kwa Madam Mercy mikono mitupu. Nafasi imekwenda kwa msichana wa Moi's Bridge. Nilimwona akishusha sanduku, mama yake anamfuta uso kwa leso. Nilitaka kumchukia mtoto yule. Sikuweza. Alikuwa na macho ya Tryphosa.

Nimelala bila kula. Homa. Sikumwambia mtu yeyote neno. Binti yangu amepoteza wiki nzima, na aliyempotezea ni mimi. Niseme hivyo mara moja na nisiseme tena.

Jumanne, 13 Januari

Mshtuko juu ya mshtuko!

Asubuhi, kichwa kinaniuma, nilimwona msichana mwenye sweta ya kijani akitoka jikoni kwetu na chapati mkononi. Nikajua ni Jemutai. Nikamkaripia kwamba kwao pia kuna jikoni. Akageuka.

Tryphosa!

Ameanza shule jana. Jana! Ile ya kutwa, ya mabati, ya mbuzi. Wakati mimi naweka turufu mezani kwa Madam Mercy, yeye na mama yake walikuwa wanaingia lango lingine. Nilidai maelezo. Edinah akayatoa huku akifunga kilemba cha kwenda kazini. Jumamosi asubuhi, kwenye masomo ya ziada, Jemutai alimpelekea Mwalimu Mideva, wa fizikia, zile hesabu za umeme. Mwalimu akauliza nani alizifanya, maana uwezo wa Jemutai anaujua. Jemutai akasema ni msichana mgeni aliye nyumbani kwa sababu babake anabatizwa. Mwalimu Mideva akasema amlete, Mungu atamngoja babake lakini silabasi haingoji.

Niliuliza kwa nini hawakuniambia. Edinah akasema walijaribu Jumapili, ila nilikuwa natoa ushuhuda mpaka usingizini.

Nilimwuliza Tryphosa darasa likoje. Nilitegemea machozi. Alisema wako wengi, madawati yamebanana, lakini Mwalimu Mideva amewapa betri na nyaya wakaunganisha wenyewe, na taa yake iliwaka ya kwanza. Alisema hivyo akitafuna. Kisha akasema, "Baba, usijali. Kweli," akaondoka mbio na Jemutai, sweta moja nyuma ya nyingine.

Nilibaki nimesimama na birika.

Jumatano, 14 Januari

Nimepona. Nimelifikiri jambo hili kwa utulivu, na ukweli ni huu: nilichagua vizuri. Bila mimi kumweka Tryphosa nyumbani wiki nzima, asingenakili noti. Bila noti, hakuna hesabu. Bila hesabu, hakuna Mwalimu Mideva. Nimemweleza Simeon mantiki hiyo hatua kwa hatua. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba Tryphosa, maziwa yanachacha," akaenda zake.

Sasa habari mpya. Wazazi wa kidato cha tatu wanachagua mwakilishi wao Jumamosi. Simeon anagombea. Hilo haliwezekani! Shule inahitaji mtu aliyesoma: kuondoa mbuzi, kupaka mabati rangi, kuwaandikia wahariri. Kura ziko wapi? Nimekwisha kujua, na bila kumwuliza mtu. Ghorofa mbili za pembeni mwa shule zimejaa Waadventista, wale wanaoitwa Wasabato, na watoto wao wote wako darasa la Tryphosa. Ijumaa iliyopita, jua likizama, niliwasikia kwa masikio yangu wakianza nyimbo. Watu wenye msimamo! Hawanywi chai, kwa hiyo nimeacha chai tangu saa nne asubuhi, nami nitajitokeza nikiwa na chupa ya uji. Nimeshaandaa hotuba ya kuitetea Sabato ya siku ya saba, ndefu, isiyojibika.

Edinah aliuliza tena mkutano ni siku gani. Nikamwambia Jumamosi, saa tatu asubuhi. Akaweka mwiko chini, akatoka nje, nikasikia yeye na mke wa Simeon wakicheka kwenye michongoma. Sina muda.

Basi sikieni, Wasabato wa Munyaka, nyinyi wenye watoto kidato cha tatu: msiniangushe. Jumamosi hii acheni kila kitu mnachokifanya saa tatu asubuhi, njooni shuleni nyote, kaeni viti vya mbele, na jina la Mabonga likitajwa, inueni mikono!