Ombi la Kuhamia Sebuleni Kwetu, Kando ya Mashine ya Gololi

Kwa Mjomba wangu mpendwa, Fundi Umeme,

Shikamoo. Sisi hapa ni wazima wote, isipokuwa ile mashine ya kuchezea gololi uliyotuletea sebuleni hoteli ya zamani ilipofungwa. Nakuandikia kwa sababu tukionana ana kwa ana huwa naishia kutazama vidole vyangu vya miguu.

Mama, yaani dada yako, ameagiza kabati la vyombo. Seremala atalileta Jumamosi. Mashine isipocheza mchezo mzima mbele ya macho ya Mama kabla ya hapo, itakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kwa unyenyekevu mkubwa, nakulalamikia wewe kama ifuatavyo:

1. Ugonjwa wa mashine unakuogopa. Ukiwa hupo, gololi ikirushwa tu taa zinazimika, vile vikono viwili vya kuipigia vinalegea, na pointi zote zinarudi sifuri. Ukija, unaweka boksi lako la vifaa juu ya kioo, pembe ya kushoto, unabonyeza kitufe, na mashine inawaka kama nyumba yenye harusi. Unasema, “Mbona nzima? Mnaionea bure!” Unakunywa chai, unabeba boksi lako, unaondoka. Pikipiki yako haijafika hata kona, giza.

2. Umeniharibia jina. Mdogo wangu ananiita Shahidi wa Uongo. Mama anasema, “Soma, soma tu, mwisho utaona na majini kwenye fyuzi.”

3. Kitabu cha ufundi nilichoazima maktaba kinasema hitilafu inayokuja na kuondoka isikimbiliwe kwa kubadilisha vipuri. Ichokozwe mpaka ijitokeze. Nimeichokoza. Nimesafisha swichi kwa kipande cha kadi, nimebana fyuzi, nimegongagonga kwa mpini wa bisibisi, taratibu, kama kitabu kinavyoagiza. Mdogo wangu amegonga kwa mwiko, si taratibu. Tumetundika koti lako la kazi kitini ili mashine idhani upo. Nimekohoa kikohozi chako. Haikudanganyika. Inakutaka wewe mwenyewe.

4. Kwa hiyo naomba uhamie kwetu. Utalala sebuleni, kichwa kikielekea mashine. Mkazamjomba akikataa kubaki peke yake, naye aje. Watoto wenu watachukua chumba changu, mimi nitalala bafuni, ambako hata sasa ndiko ninakosomea.

5. Hilo likishindikana, uje bila kujulikana. Ugonjwa unaojificha fundi akiingia hauna sababu ya kumkimbia mtu asiye fundi. Vaa gauni la mkazamjomba na ushungi, ingia kwa sauti nyembamba, ulizia habari za watoto, kisha uifumanie hitilafu peupe. Boksi liache nyumbani, mashine inalifahamu. Ndevu tutazijadili.

Nasubiri jibu lako, au gauni, lolote litakalotangulia. Msalimie mkazamjomba, watoto, jirani yenu anayekoroma mpaka kwenu, na yeyote atakayeulizia habari zangu, ingawa sidhani kama yupo.

Ni mimi mpwa wako mtiifu,
Shahidi wa Kweli

Tanbihi: Barua hii nimeinakili kwa mwandiko safi juu ya kioo cha mashine, na ile kamusi yangu nene nikaiweka pembe ya kushoto. Taa zote zikawaka! Nikaiondoa kamusi: giza. Nikairudisha: kengele! Nimefungua pembe ile na kukuta waya umeachia pale ulipolehemiwa. Pembe ikigandamizwa, waya unagusa tena. Kumbe haikuwa inakuogopa wewe, ilikuwa inalipenda boksi. Usihame. Usivae gauni. Ila uje upesi na pasi yako ya kulehemu, kwa sababu Mama alipita akasema, “Hebu nijaribu kidogo tu,” na tangu hapo hajaachia vitufe. Seremala naye kawahi, yuko mlangoni na kabati mgongoni, anaambiwa, “Subiri baba, gololi iko hewani!” Nami kesho nina mtihani wa insha, na kamusi Mama amenikatalia kabisa.