Dakika Ishirini za Marinda

Jumatatu, 9 Mei 1955. Ramadhani kumi na sita.

Magauni sabini na nane yamebaki, na Idd haimngoji mtu. Mafundi ni watatu, pamoja na mimi, na mimi bado sihesabiwi fundi. Nilimaliza darasa la nane Desemba. Babu akanileta hapa kwa Bi Fakhria, Barabara ya Nane, nijifunze ushoni. Mpaka leo nimejifunza kufagia, kushona vifungo na kutia saa ufunguo. Saa ni ya ukutani, ilitoka Unguja, na inaonekana toka ukumbini tunakoshona mpaka uani anakopikia Bi Fakhria. Kazi ya ufunguo nimepewa kwa kuwa nimesoma.

Lakini nina wazo! Mwaka huu kila mtoto anataka gauni la marinda. Kila rinda hukunjwa kwa vidole, likabanwa pini, likapigwa pasi. Sketi moja, saa nzima. Mimi nimefikiria fremu ya njiti. Nguo inapita juu ya njiti, chini ya njiti, juu, chini. Pasi mara moja. Chomoa njiti. Marinda arobaini kwa mkupuo! Njiti za fagio la chelewa zinafaa kabisa.

Ninachohitaji ni muda wa kuitengeneza. Kidogo tu kila siku. Nikajiandaa kumwambia Bi Fakhria. Nikasimama mbele yake. Sauti haikutoka. Nikaandika barua nzuri, aya tatu, nikaiweka mezani pake. Akaigeuza, akaandika nyuma yake vipimo vya binti wa mteja wetu Himyar, kifua na kiuno. Akanishukuru. Kumbe karatasi zilikuwa zimemwishia.

Jumanne, 10 Mei

Nimesema! Kwa sauti ndogo, lakini nimesema. Bi Fakhria akajibu bila kuinua macho kwamba wazo ni zuri, mwanangu, tutaliangalia baada ya Idd. Nikamwambia kuwa baada ya Idd hakuna anayetaka marinda. Hapana, sikumwambia. Nilikusudia kumwambia.

Asmahani alisikia. Huyu ni mpwa wa Bi Fakhria, na ndiye fundi wa marinda. Vidole vyake vina sifa hadi Muheza, naye anajua. Akawatangazia wote kuwa wamwache msomi, anataka kutukunjia nguo kwa ufagio.

Nikajificha nyuma ya majora ya kitambaa ili nifunge njiti. Asmahani akanifuma. Akaniuliza kama niko bure. Sikuwa bure! Lakini mikono yangu ilionekana mitupu, na katika nyumba hii mwenye mikono mitupu hupewa vifungo. Nikapewa vifungo sitini.

Alasiri nikaificha fremu ndani ya gauni, nikajifanya napinda upindo. Njiti ikanichoma kiganjani. Nikapiga yowe. Cherehani zote zikanyamaza. Nikasema ni sindano.

Kisha Bi Fakhria akashika fagio na kuuliza mbona linakonda. Asmahani akasema huenda nalo limefunga.

Jumatano, 11 Mei

Wazo kubwa kuliko la kwanza! Kazi huisha saa kumi na moja. Bi Fakhria huenda uani kupika futari, mafundi huenda kwao, mimi hubaki kufagia. Basi saa kumi na moja ikifika mapema, ukumbi unakuwa wangu mapema. Na nani hutia saa ufunguo? Mimi.

Mchana nikapanda kigoda. Nikatia ufunguo. Nikasogeza mshale mrefu mbele dakika ishirini. Mshale ulikwenda kwa adabu. Masika haya jua halijaonekana tangu Jumamosi, kwa hiyo hapakuwa na wa kugundua. Saa kumi na moja ya uongo ilipogonga, wote wakainuka. Asmahani akasema siku hizi siku zinakimbia.

Dakika ishirini zangu! Nimefunga njiti kumi na mbili na kujaribu kipande cha kitambaa cha melikani. Marinda sita, yamenyooka kama mistari ya daftari. Nilitaka kumwita mtu aone. Hapakuwa na mtu wa kumwita.

Alhamisi, 12 Mei

Balaa.

Bi Fakhria ameingia ukumbini asubuhi akiwa amekasirika. Jana magharibi alikaa na tende mkononi, macho kwenye saa. Saa ikapita wakati wa kufuturu. Kimya. Tende ikapata joto mkononi. Dakika ishirini nzima kabla ya adhana! Akasema saa yake haijasema uongo tangu iteremshwe melini, kwa hiyo mwenye kosa ni muadhini. Muadhini amezeeka. Muadhini anasinzia.

Muadhini ni Babu.

Asmahani akaniuliza mbele ya wote, eti Mboni, babu yako huota nini saa ya magharibi? Wakacheka. Nikainamia vifungo.

Mtaa wetu una saa mbili za kutegemewa, ya Bi Fakhria na ile ya Babu ya mfukoni. Ya Babu iliharibika mwaka jana ikapelekwa kwa fundi. Kwa hiyo kufika adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umeshahukumu. Mzee Mwinyijuma, msimamizi wa msikiti, amesema Mzee Idarusi, yaani Babu, apumzishwe, aadhini mtu mwingine. Babu ameadhini hapo miaka thelathini na mmoja. Mke wake alifariki, macho yake yanapungua, shamba la Kigombe aliuza. Kilichobaki ni adhana. Wakimwondoa, sijui ataamka alfajiri kwa ajili ya nini.

Ilinipasa kuirudisha saa leo leo. Nilipanda kigoda kwa nia hiyo hasa. Lakini fremu imefika nusu! Nikapiga hesabu. Siku mbili zaidi, itakuwa tayari, kila kitu nitakirudisha, na hakuna atakayejua. Ili nimalize upesi, nikaongeza dakika kumi.

Sasa ziko thelathini.

Ijumaa, 13 Mei

Naandika baada ya kufuturu.

Baada ya alasiri Babu akaja mwenyewe. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mjukuu wangu, akabaki amesimama mlangoni, saa ya mfukoni kiganjani. Akamwambia Bi Fakhria kwa upole kwamba huenda kweli kosa ni lake. Kisha akanigeukia mimi. Akaniomba nimsomee saa ya ukutani, maana macho yake hayafiki na mimi ndiye niliyesoma.

Wote wakaniangalia. Nikasoma kilichoonekana. Kilichoonekana kilikuwa uongo wangu. Babu akasogeza mshale wake mbele dakika thelathini, akashukuru, akaondoka mvuani.

Nikakaa. Nikashona kifungo kimoja mara mbili. Leo Babu ataadhini jua halijatua, na mtaa mzima utakula mchana wa Ramadhani kwa sababu ya marinda! Astaghfirullah. Nikajaribu kumwambia Bi Fakhria. Nikasema, “Bi Fakhria.” Akasema, “Nini?” Nikasema uzi umekwisha. Akanipa uzi.

Ukumbi ulipobaki mtupu nikachukua fremu, nikafunga njiti nne, nikazifungua. Vidole havikukubali. Nikajitupia buibui, nikakimbia.

Msikitini wanaume walikuwa wameshakaa barazani na tende zao. Sijawahi kusimama mbele ya wanaume wengi namna ile. Babu alikuwa mlangoni ameelekea kibla. Nikamwita kwa kunong'ona. Hakusikia. Nikamwita tena. Alikuwa ameshaweka vidole masikioni ili aadhini! Akavuta pumzi.

Nikapiga kelele. Sijui sauti ile ilitoka wapi. “Babu, usiadhini! Saa ya Bi Fakhria nimeisogeza mimi!”

Barabara ya Nane yote ilisikia, na nadhani ya Tisa pia. Mzee Mwinyijuma alikuwa ameshapanua kinywa. Akakifunga, akairudisha tende sahanini, akaniangalia kama aliyemwona paka anasema.

Babu akatoa vidole masikioni. Akauliza dakika ngapi. Nikasema thelathini. Akaurudisha mshale taratibu, akaketi ngazini, akanionyesha nafasi kando yake. Tukangoja nusu saa. Mvua ilikuwa ikinidondokea puani na sikuthubutu kuifuta. Wakati ulipofika akainuka, akaadhini, na hapakuwa na mtu aliyesema amechelewa.

Lakini Bi Fakhria! Leo asubuhi alikuwa ameapa hatamngoja tena muadhini. Alifuturu kwa saa yake. Habari ilipomfikia alikuwa amemaliza tende tatu na bakuli la uji, yuko kwenye sambusa.

Jumamosi, 14 Mei

Nikajua nafukuzwa. Babu akanisindikiza. Bi Fakhria akamwomba radhi Babu, mbele ya mafundi wote, akaiita saa yake mpumbavu. Babu akasema saa haina kosa. Wote wawili wakaniangalia.

Bi Fakhria akasema ana deni la siku moja ya kufunga, na siku hiyo tutafunga wote wawili, yeye na mimi, na nitamkaanga samaki huku nanusa. Kisha akauliza nilitaka nini hata nikaharibu magharibi ya watu. Nikainua fremu.

Akaamuru pasi itiwe moto. Nikapitisha nguo juu, chini, juu, chini. Nikapiga pasi. Nikachomoa njiti moja moja. Marinda arobaini! Asmahani akainama, akayatazama mpaka pua ikakaribia kuungua, akasema la mwisho limepinda.

Limepinda kweli. Kidogo.

Bi Fakhria akasema hiki ni chombo hasa, itabidi sketi zote zilizobaki zipitie humu. Moyo wangu ukaruka! Akaendelea. Fremu apewe Asmahani, maana ndiye fundi wa marinda. Mboni arudi kwenye vifungo. Na ufunguo wa saa amrudishie yeye mwenyewe.

Asmahani akaipokea fremu. Akaniuliza kama naweza kumtengenezea nyingine ya marinda membamba, nikipata nafasi.

Nikipata nafasi!

Jumapili, 22 Mei. Ramadhani ishirini na tisa.

Siku nane sijaandika. Vifungo. Vidole vimeota sugu.

Fremu ya pili imo kichwani, na nusu yake imo chini ya kitanda. Hii ina misumari na bawaba, haipindi hata rinda la mwisho. Leo nilimwomba Bi Fakhria, kwa sauti inayosikika. Akanipa jibu la haki. Magauni sita yamebaki. Mwezi ukiandama jioni, yatamaliziwa na Asmahani leo leo na kesho ni Idd. Mwezi usipoandama, kesho ni kazi, na mawili nitayashona mimi, kwa fremu yangu, jina langu.

Siku moja tu. Mbingu zikachagua leo kutakata! Hakuna wingu hata la kufunika sahani.

Alasiri Babu akaja na bakora yake. Akasema yeye na Mzee Mwinyijuma wanakwenda uwanja wa mpira kutazama mwezi, lakini macho yao wawili hayatoshi jicho moja. Anataka macho yangu. Mzee Mwinyijuma, aliyekuwa nyuma yake, alisita kidogo. Babu akamwambia kwamba msichana aliyesema kweli mbele ya msikiti mzima hawezi kuwaficha kweli ya mwezi. Nusura nilie.

Nimemwitikia labeka, nimevaa buibui, wananingoja mlangoni. Nimeiacha misumari mezani, tayari kwa asubuhi. Mwezi mwandamo ni mwembamba mno, huchungulia magharibi dakika chache tu ukatua, mtu mwaminifu kabisa anaweza asiuone. Na kazi kama hii haitaki pupa. Nitautafuta kwa utaratibu, mbingu yote, nikianzia upande wa mashariki.