Jino la Romana na Nadharia ya Mtu Kamili

Jumatatu, 12 Mei
Siku ya nne bila mke. Romana yuko kwao Kasansa, simu zangu hapokei. Kosa langu silioni. Alisema jino linamuuma. Mtu wa kawaida angekimbilia dawa. Mimi nimehudhuria semina ya ushauri nasaha, siku mbili nzima, cheti kipo ukutani. Tulifundishwa kwamba mtu hagawanyiki: mwili, ukoo, utoto, hofu zake, vyote ni kitu kimoja. Jino haliumi peke yake! Nikamuuliza kumbukumbu yake ya kwanza ya utotoni. Akafunga mizigo.

Jumatano, 14 Mei
Halfani mwenye duka ananichosha. Kibao changu cha ushauri kipo mlangoni tangu Pasaka na hajaja mtu. Wote wanapeleka shida zao kwenye benchi la dukani kwake. Anapima sukari, anatikisa kichwa, wanaondoka wamepona. Cheti hana! Leo kaniambia ningempeleka tu mke wangu kwa daktari wa meno. Nikamweleza kwamba huko ni kumkata mtu vipande. Akauliza kama sukari nachukua au sichukui.

Jumamosi, 17 Mei
Kasansa. Kikao cha ukoo, kuamua kama nirudishiwe mke. Anayeongoza ni shemeji Anselmo, kijana tu, Romana amemzidi miaka kumi. Nadharia inasema nafasi ya kuzaliwa hueleza tabia. Nikamfafanulia kwa upole kwamba anapenda kuamrisha kwa sababu ni kitinda mimba aliyedekezwa. Mzee mmoja akanikatiza. Kumbe ni mtoto wa baba mkubwa, kwa hiyo kiukoo ndiye kaka wa wote pale, hata wenye mvi. Semina haikugusa mambo ya baba mkubwa.

Romana akaomba niulizwe swali moja, nikipata twende nyumbani: yeye alikuwa anaumwa nini? Nikajibu: kujiona duni tangu utotoni. Akafungua mdomo, akaonyesha pengo. Jino lilishang'olewa. Anselmo akasema basi la kurudi Mpanda linaondoka saa nane.

Jumapili, 18 Mei
Nimekula ugali wa jana. Namkumbuka Romana, na sitaki mtu asome hapa.

Jumanne, 20 Mei
Amerudi! Eti Halfani kampigia simu, akamuuliza jino linaendeleaje, basi. Swali la mtu asiyesoma.

Kuna sharti. Nikimuuliza tena habari za utoto wake, anaondoka moja kwa moja, na kitanda anabeba. Nimeapa kwa simu, Anselmo akisikiliza, nikamwita kaka, kijana ambaye ningeweza kumzaa. Kibao nimekitoa.

Jioni hii anapepeta mchele na anakohoa. Nimejizuia. Nimeandika tu pembeni: kikohozi, wa tatu kuzaliwa, baba mkali. Nimelipima sharti lile vizuri. Limetaja utoto wake yeye. Utoto wa mama yake halikuugusa. Ngoja ale kwanza.