Matairi Matano ya Mkunga

Mtu anayetafuta tairi hujulikana kabla hajafungua mdomo. Hushuka garini, huzunguka upande wa mbele, hupiga tairi teke moja dogo, kisha husimama akilitazama kana kwamba tairi ndilo litakaloanza mazungumzo. Injinia alikuwa ameishi mjini miaka tisa kwa teke hilo. Alivaa koti la buluu lenye kalamu tatu mfukoni, mbili kati yake hazikuandika, akakumbatia ubao wa kubania karatasi, na alishinda kwenye kibaraza cha duka kubwa la matairi ambalo halikumwajiri, halikumtaka, na lilikuwa limeshamfukuza mara kumi na moja. Uinjinia alijipa mwenyewe siku aliyonunua koti.

Asubuhi hiyo likaegeshwa gari refu jeupe, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, limejaa vumbi hadi madirishani. Akashuka mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Huyu hakupiga teke. Aliinama akalishika tairi kwa viganja viwili, akaminya hapa, akaminya pale, kama anayepima tumbo la mjamzito. Injinia angekuwa na akili zake zote angerudi kibarazani akaketi. Lakini akili zake wakati huo zilikuwa zimeshakwenda kununua suruali mpya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Pole na safari. Hiyo ni barabara ya mlimani. Naiona kwenye kashata."

Kashata ni yale meno ya tairi, na ya mama huyu yalikuwa yamebaki ufizi. Akamweleza kwamba yeye ni mkunga, ana zahanati ndogo huko juu, na njia ya kufika ina kona arobaini. Juu kuna mawe, bondeni kuna tope. "Wiki iliyopita nimepasukiwa mara mbili kwa siku moja," akasema. "Mtoto akitaka kutoka haniulizi kama nimepata pancha. Nataka tairi litakalodumu. Sitaki la urembo."

Hapa inabidi kukiri jambo ambalo Injinia mwenyewe hakupenda lijulikane: alikuwa anayajua matairi kwelikweli. Alifanya kazi karakana ya mabasi miaka sita kabla hajagundua kwamba mdomo unalipa kuliko spana. Ujuzi ule ulimwasha. Alipenda kusikilizwa, na nyumbani kwake alikuwa anaishi peke yake na redio.

"Usichukue lenye kashata kubwa kupita kiasi," akaanza. "Kwenye lami litakupigia kelele mpaka uchoke, na mvua ikinyesha litakutelezesha. Chukua la katikati, la mawe na la lami. Halafu angalia ubavu. Jiwe haliliui tairi kwa chini, linaliua ubavuni. Kwa mzigo wako taka plai kumi, yaani tabaka kumi za uimara, usikubali sita. Na hapa pembeni kuna tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka lilipotengenezwa. Mpira unazeeka hata ukilala stoo."

Mama akavaa miwani, akatoa daftari mkobani, akawa anaandika. Injinia alisisimka. Katika maisha yake yote hapakuwahi kutokea mtu wa kuandika maneno yake, ukimtoa askari polisi mmoja.

"Na nitajuaje kama si kuukuu lililochongwa?" mama akauliza.

"Swali zuri sana hilo, mama. Chungulia ndani ya mfereji wa kashata. Chini kabisa utakuta vinundu vidogo, vimezaliwa na tairi lenyewe. Kazi yake ni kukwambia kwamba kashata zikiisha mpaka hapa, tairi limekwisha. Sasa mchongaji akipitisha kisu chake cha moto, anavifyeka vyote. Tairi lisilo na vinundu, mama, likimbie."

"Vinundu," mama akarudia taratibu, akaandika, akapigia mstari.

Tunyamaze kidogo hapa kwa heshima ya mtu aliyejichimbia shimo, akalipima, kisha akauliza kama upana unatosha.

Baada ya hapo kazi ikawa nyepesi. Akamnong'oneza mama kwamba dukani wanalipisha taa, feni na shati la tajiri, na kwamba yeye ana mzigo uleule, kwa nusu ya bei, nyuma ya jengo. Nyuma ya jengo palikuwa na uwanja wa fundi pancha aitwaye Jeki, mtu mwenye kompresa moja na maneno machache. Ukutani yaliegemezwa matairi manne meusi tii, yamefungwa nailoni. Injinia alikuwa ameyachonga mwenyewe Jumapili, yalikuwa vipara, na kuyapiga rangi ya viatu. Kwenye lile ambalo lingefungwa mbele kushoto, kisu kilimteleza kikagusa waya wa ndani. Akaziba kwa gundi, akapaka rangi mara mbili.

Jeki alipokuwa akifunga haraka haraka kama walivyozoea, Injinia alimkalisha mama kwenye benchi upande wa pili, akamnunulia soda baridi, akampigisha soga ili asisimame.

"Na wewe mwenyeji wa wapi, mwanangu? Una adabu."

"Huko huko kwenu, mama. Ukivuka mto wa pili, nyumba ya mlango wa kijani. Mama yangu yuko pale."

"Yule anayefuga nyuki?"

"Ndiye huyohuyo."

Mtu huyu alikuwa habadilishi shati bila kubadilisha laini ya simu. Alipolala palijulikana na yeye na kunguni. Na leo, kwa soda aliyoinunua kwa hela yake mwenyewe, alimtaja mama yake.

Jumatatu mama yake akampigia. Namba hiyo alikuwa nayo yeye tu.

"Mwanangu, Alhamisi nakuja mjini kupimwa macho. Mkunga wetu amenipa lifti."

Injinia akakaa chini. Hapakuwa na kiti.

"Mama, panda basi."

"Basi la nini na gari lipo? Tena lina matairi mapya. Anasema alishauriwa na kijana mmoja mtaalamu, mpole, ana shikamoo yake. Nikamwambia huyo kalelewa."

"Magari yale yanatikisa, mama. Fikiria mgongo wako."

"Mgongo wangu umekubeba wewe miaka miwili, utashindwa na kiti?"

"Basi subiri, wiki ijayo nitakuja kukuchukua mwenyewe."

"Hivyo ndivyo ulivyosema mwaka juzi," mama akasema, bila hasira yoyote, na hiyo ndiyo iliyouma. Wakaagana.

Hakuna aliyeyajua matairi yale kama Injinia. Alijua kila mfereji, kila mahali alipobana pumzi akikata. Alijua pia kona ya ishirini na saba, ambayo upande wa kushoto haina ukingo, ina hewa tu. Akamwona mama yake kwa mawazo, amekaa mbele, kapu magotini, anasifia kijana aliyelelewa. Akaogopa, aliogopa hasa. Na chini ya woga akakuta aibu, mgeni ambaye hakuwahi kumtembelea kwa miaka, akawa hajui amkalishe wapi.

Kukiri hakukuja hata akilini. Alijikuna kichwa siku nzima ya Jumanne, na mpango alioupata ukawa uleule anaoujua: uongo. Ila huu ulikuwa unaelekea kinyumenyume.

Jumatano akamkuta mkunga mbele ya bohari la dawa, anapakia maboksi. Akajikaza kisabuni, akakumbatia ubao wake.

"Mama, nimekutafuta kote. Umeshinda."

"Nimeshinda nini?"

"Bahati ya mteja. Wewe ni mteja wetu wa mia. Tunakubadilishia matairi, tunakupa mengine bora zaidi. Bure kabisa."

"Haya yananitosha."

"Yale ni bora zaidi, mama."

Mkunga akafungua daftari, akavaa miwani. "Ulisema, 'Haya utawarithisha wajukuu.' Niliandika. Sasa imekuwaje?"

"Ni teknolojia, mama. Inakwenda mbio."

"Tangu Ijumaa?" Akafunga daftari. "Mwanangu, mjini hapa vya bure ndivyo vya matapeli. Mshukuru aliyekutuma, mwambie nimeridhika."

Jasho likamtoka Injinia. Miaka tisa aliwashawishi watu wachukue kibovu, wakachukua huku wakishukuru. Leo anagawa kizuri, na hakuna anayekitaka. Akabembeleza. Akaeleza habari za mpira mpya wa kisasa. Akataja viwanda ambavyo havijajengwa. Mkunga anapakia maboksi tu, hana hili wala lile.

"Naapa kwa mama yangu," Injinia akasema mwishowe, na sauti ikamkatika kidogo, jambo ambalo hakulipanga.

Mkunga akaweka boksi chini, akamtazama.

"Kwa mama yako?"

"Kwa mama yangu mzazi."

"Haya. Lakini yawe plai kumi. Tarakimu ziwe za mwaka huu. Na vinundu nivione kwa macho yangu."

"Utaviona, mama."

"Gari lina matairi mangapi?"

"Manne."

"Matano. La spea je? Au kule mlimani nitafunga daftari?"

Mwenye duka la matairi, yule wa mara kumi na moja, alimwona Injinia akiingia akainuka kumfukuza. Alipoona hela mkononi akabaki ameinuka, hajui afanye nini na mikono yake. Injinia akaomba punguzo.

"Punguzo ni la wateja wa kudumu," mwenye duka akasema. "Wewe leo ndiyo mara yako ya kwanza kununua."

Hela ya mkunga ilitosha matairi mawili. Matatu yaliyobaki yalikula pikipiki yake, ambayo Injinia aliiuza adhuhuri hiyo kwa mtu wa kwanza aliyesimama. Jeki alifunga matairi huku mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Nimeona matapeli wakikimbia, nimeona wakipigwa," akasema. "Anayenunua kwa risiti ndiyo namwona leo."

"Kaza nati."

"Nimekaza."

"Kaza tena. Lile la mbele kushoto." Kisha akamnyang'anya spana akakaza mwenyewe. Mkunga akapita na tochi, akachungulia mifereji yote, akasema, "Vipo," akaondoka.

Alhamisi saa nne Injinia alikuwa amesimama mbele ya kliniki ya macho, amepiga pasi koti. Alikuwa maskini kuliko alivyokuwa Jumatano, na cha ajabu alijisikia vizuri. Gari jeupe likaingia polepole. Mkunga akashuka. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu.

"Mama yuko wapi?"

"Yuko kwake. Macho yake yanaona kuliko yako."

Injinia akainama kukitazama kiti kile tena.

"Siku ile nilisimama kituo cha mafuta kabla sijafika mbali," mkunga akasema. "Nikatoa daftari, nikatafuta vinundu kama ulivyonifundisha. Nikakuta waya. Gari nikaliacha kwa dada yangu hapahapa mjini, nikarudi mlimani kwa basi, dawa kichwani."

"Ungenipeleka polisi."

"Wangekuchukua wewe, mimi nikabaki na vipara. Wewe nilikuwa sikuhitaji. Nilihitaji matairi."

Likabaki swali moja, naye alitamani asiliulize. "Mama anajua?"

"Nilimfuata nyumbani, nikamweleza yote. Nilidhani atabisha. Akafuta mikono kwenye khanga, akasema, 'Nitamwambia Alhamisi nitapanda gari hilo.' Nikamwambia, mwanao hatajali, watu hawa hawana mama. Akasema, 'Huyu anaye.' Tumebishana mpaka chai ikapoa." Mkunga akaingiza mkono dirishani, akatoa chupa ya asali iliyofungwa kwa kitambaa. "Ameshinda yeye. Kakutumia hii. Na anasema Jumamosi nikipanda mlimani, kiti chako kipo."

Injinia akaipokea kwa mikono miwili. Alikuwa ameingizwa mjini na kina mama wawili wa mlimani, kwa kutumia daftari moja na mdomo wake mwenyewe, na angetaka kukasirika. Badala yake alilia pale pale kwenye maegesho, na mkunga, ambaye amezoea kuona watu wakilia, akampa kitambaa cha kufutia kioo.

Alasiri akarudi uwanjani kwa Jeki, kwa miguu. Matairi manne yaliegemea ukuta, meusi tii, yamefungwa nailoni upya. Jeki alikuwa ameyapanga vizuri, maana biashara ni biashara. Bwana mmoja mwenye gari kubwa jipya alikuwa anayatazama. Alishayapiga teke.

"Mtaalamu, haya vipi? Nina safari ya mbali."

Injinia akashika ubao. Maneno yote yalikuwepo, yamepanga foleni ulimini. Akamtazama bwana yule.

"Samahani, mzee," akasema. "Mama yako yu hai?"

Bwana akashtuka. "Yupo. Tena ndiye ninayempeleka. Kwa nini?"

"Nenda dukani pale mbele. Taka plai kumi, tarakimu za mwaka huu, na uchungulie vinundu. Usimsikilize mtu yeyote njiani."

Bwana akaondoka akigeukageuka nyuma. Jeki akazima kompresa ili asikie vizuri.

"Kaka, na angesema mama yake alishafariki?"

Injinia akafikiri, chupa ya asali imebanwa kwapani.

"Ningemuuliza kama ana shangazi," akasema, akakaa kwenye benchi, akatafuta kisu, akaanza kukata tairi la mbele kushoto vipande vya soli za viatu.