Daftari la Gramafoni Limesomwa Bila Ruhusa

Rumonge, Jumatano

Kwa Mama Joanita, Prezida wa Chama cha Watunza Gramafoni wa Pwani ya Rumonge

Mama Prezida, amahoro.

Mimi Alimasi, mtunza nyaraka wa chama kwa miaka kumi na minne, naomba kikao cha Jumapili kimfukuze chamani Bi Esha, mshona nguo wa hapa sokoni, kwa kosa la kusambaza utafiti wetu. Najua katiba inasema kazi ya chama ni «kuhifadhi na kusambaza utafiti». Lakini kuhifadhi kumeandikwa kwanza, na mimi nilikuwa sijamaliza.

Mwezi wa tatu Bi Esha aliniomba daftari la utafiti la chama kwa dakika kumi, atazame namna ya kufungua springi iliyokwama katika gramafoni ya marehemu mama yake. Nilimwachia, nikaenda msikitini. Niliporudi alikuwa amepiga picha kurasa zote tisini na sita na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la wanachama. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ruhusa niliyompa ilikuwa ya ukurasa wa 31 peke yake.

2. Tangu siku hiyo gramafoni saba zilizokuwa kimya zimepona: nne mjini, mbili Kizuka, moja Kigwena. Zamani mwenye mashine mbovu alikuja kwangu na kidumu cha mawese, akakaa kwenye benchi, akaniita Papa Direkteri. Nilimweleza nusu, akarudi Alhamisi kuchukua nusu ya pili. Sasa benchi hilo linalaliwa na kuku.

3. Utafiti umeanza kuongezeka bila mimi. Mwalimu Nestori wa Kizuka ameandika kundini kwamba mashine niliyoiita ya 1912 ina kibati cha 1927 chini yake. Ameweka na picha. Mimi nimeamini 1912 kwa miaka tisa, naye amenipinga kwa bisibisi moja.

4. Theonest, mvuvi wa Kabonga asiye na gramafoni hata moja, amesoma daftari lote. Siku akinunua mashine, tutakuwa tumechelewa kumficha.

5. Nilipoeleza kikaoni kwamba karatasi ikisomwa inachakaa, Seth muuza mawese alisimama mbele ya watu akasema: «Papa Alimasi, daftari yako iko safi sababu hakuna mutu anaigusaka. Hata maiti iko vile!» Ulicheka, Mama Prezida. Nimeandika katika kumbukumbu: saa tisa na dakika kumi.

Naomba basi kila mwanachama arudishe alichosoma. Kufuta picha hakutoshi, maana wengine wameshaelewa. Waje kwangu kwa zamu, kwa namba za kadi, watie sahihi kwamba wamesahau. Gramafoni saba zirudishwe katika ububu wake, tukianza na ile ya Bi Esha, inayosikika hadi kwangu kila alasiri.

Daftari lenyewe lisiwatie wasiwasi. Nimelitunza kama baba yangu alivyotunza majembe yake yasishike kutu: nimepaka kila ukurasa mawese, nikalifungia katika sanduku la bati.

Nisalimie mzee wako, komite yote na wanachama wa Kigwena. Hata Seth. Murakoze.

Alimasi
Mtunza Nyaraka

Nyongeza: Leo asubuhi nimefungua sanduku ili nikuletee daftari kama ushahidi. Sanduku sikulipaka mawese, likatobolewa na kutu kwenye kona. Daftari nililipaka, likaliwa na panya. Limebaki jalada lenye jina langu. Gramafoni ya baba imekwama springi tangu mwaka juzi, na dawa yake ilikuwa ukurasa wa 31, ambao sikuushika kichwani kwa kuwa niliuhifadhi sandukuni. Kundini nilijitoa kwa hasira. Bi Esha amekubali kuja Jumatatu na simu yake na bisibisi. Kwa hiyo kikao cha kumfukuza kisogezwe hadi Jumanne, tena jioni, kwa sababu santuri ya baba ina pande mbili.